Mbao za Darini

Baba yangu alikuwa akila kila siku chini ya jeneza lake, na hakuna aliyeona ajabu mpaka kaka yangu Zebedayo alipopewa ubalozi wa nyumba kumi.

Ngoja nieleze vizuri, maana watu wa mjini wakisikia hivyo watadhani nyumba yetu ilikuwa ya wachawi. Jeneza lilikuwa halijawa jeneza bado. Zilikuwa mbao tu, ndefu, nzito, za mti wa msitu wa Shengena, ambazo baba alizipasulisha mwenyewe enzi za Mwingereza. Alizilaza darini juu ya jiko la mama ili moshi uzikaushe na mdudu asiziguse. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure, alipigilia msumari kwenye ubao mmoja, akaukunja kwa jiwe, akatundika kikapu cha chumvi. Mama alifariki, kikapu kikabaki palepale.

Wazee wengine wa kijiji chetu cha Myamba walijiwekea blanketi la kuzikiwa. Baba yangu, Gideoni, alijiwekea mbao. Ukija kumtembelea, ukishakunywa chai, angeinua kidole juu na kukwambia, "Zile pale." Halafu anaendelea kuuliza habari za mahindi.

Sababu ilikuwepo. Babu yetu, yaani baba yake, alizikwa kwa desturi ya zamani, amefungwa kwenye ngozi. Muda ulipopita, ukoo ulifukua kaburi, ukatoa kichwa, ukakitia kwenye chungu na kukipeleka kwenye pango la ukoo huko juu kwenye miamba, kikae pamoja na vichwa vya wenzake. Ndivyo wazee wetu walivyoishi na wafu wao. Walikwenda pale kuwaambia shida zao, mvua ikichelewa, mtoto akiugua, na mimi siwacheki. Lakini baba alikuwa mtoto mdogo tu, na kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alibebeshwa yeye kile chungu. Alituambia kwamba kila alipoteleza njiani, kichwa cha baba yake kiligonga chungu kwa ndani. Alifika pangoni amejikojolea. Baadaye alibatizwa, akawa mzee wa kanisa, akasahau mengi, lakini mlio ule hakuusahau mpaka anazeeka.

Sasa dini ilipoingia milimani, wazee wa pangoni waliweka kanuni yao ili wasigombane na wachungaji. Aliyepigiliwa misumari ndani ya mbao ni wa kanisa, hafukuliwi. Aliyezikwa kwa mkeka au ngozi ni wa ukoo, na kichwa chake kitafuatwa. Kwa hiyo baba hakuwa akitunza mbao kwa maringo. "Nizikeni mzima," alikuwa akituambia. "Kichwa changu kilale mahali miguu yangu ilipo."

Aliyekuwa akilitunza pango wakati huo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, baba mdogo Aminieli. Mtu mwembamba, mpole, sauti haisikiki. Kila Jumapili baba akitoka kanisani, Aminieli alikuwa tayari ameketi barazani na kibuyu chake cha dengelua, pombe yetu ya miwa, anamsubiri kaka yake. Hawakugombana hata siku moja. Baba anakunywa chai, Aminieli anakunywa pombe, wanazungumza habari za nyuki mpaka jua linashuka. Mimi nilikuwa simpendi. Nilikuwa nikimwona anavyomtazama baba kichwani, na moyo wangu unakataa.

Basi ukaja mwaka ule wa ukame na unga wa njano, mwaka ambao kila kitu kilikuwa cha kijiji. Shule iliongezewa madarasa kwa nguvu zetu wenyewe, mawe tulibeba sisi wanawake mgongoni. Madarasa yakasimama, madawati hakuna. Wapasua mbao wote waliwekwa chini ya kijiji, na ukitaka ubao wa mlango wako uliambiwa usubiri watoto wa taifa wakae kwanza. Mjini Same nako mbao zilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu ambaye siku zote alikuwa ametoka kidogo. Katibu wa kijiji akawaambia mabalozi wa nyumba kumi kumi waonyeshe mfano. Zebedayo ubalozi wake ulikuwa mpya, bado unamwasha.

Siku moja nilikuta dari ya baba iko tupu. Kikapu cha chumvi kimewekwa chini, kimeegemezwa ukutani kama mgeni asiyekaribishwa. Baba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba na hatoki kitandani ila kwa kushikwa, aliniambia bila wasiwasi, "Zebedayo kazipeleka kwa fundi azirande. Anasema upande mmoja mchwa wameanza." Nikashangaa mchwa gani hao wanaokula moshi, lakini nikaliacha hapo. Zebedayo ni mkubwa wangu.

Alasiri sisi kina mama tulikuwa tukienda elimu ya watu wazima katika madarasa hayohayo mapya. Mwalimu wetu alikuwa Sylvester, kijana wa Songea, mwenye heshima zake, asubuhi anafundisha watoto Kiingereza na jioni anatushika mikono sisi wenye vidole vigumu. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma napambana na herufi. Mkono wangu wa kushoto ukapita chini ya dawati kutafuta pa kushika, ukatoka mweusi. Nikaunusa. Ulikuwa moshi wa jikoni kwetu. Nikaingiza mkono tena, taratibu, nikapapasa mpaka nikaugusa msumari uliokunjwa kwa jiwe.

Nilisimama nikauliza dawati lile limetoka wapi. Mwalimu akatabasamu. "Kwa kaka yako, mama Priska. Balozi Zebedayo ndiye wa kwanza kutoa. Katibu kamsifu mkutanoni."

Sikusubiri kengele. Nilimkuta Zebedayo shambani kwake anakata majani ya ng'ombe, nikamwambia nimekaa juu ya jeneza la baba nikijifunza kuandika, na kwamba nataka aniambie hilo ni somo gani.

"Punguza sauti," akasema.

"Ningekuwa na kubwa kuliko hii ningeitoa."

Akaweka panga chini. Aliniambia kwamba baba bado ana miaka, kwamba watoto walikuwa wanakaa juu ya matofali, kwamba mzee kula kila siku akitazama kifo chake si afya. Kijiji kitapata mbao nyingine, na zikija, za kwanza ni za baba, katibu kamwahidi. Alisema yote hayo akiwa anatazama majani. Ukweli ni kwamba mengine yalikuwa na maana. Hata mimi nilikuwa na mtoto shuleni, na Priska wangu alikuwa amekaa juu ya tofali kama wenzake. Ndiyo maana hasira yangu ilizidi, kwa kuwa haikuwa na pa kusimama vizuri.

"Na akifa kesho?" nikamuuliza.

"Hafi kesho," akasema Zebedayo.

Kumwambia baba ilikuwa kazi yangu, maana kila nilipompelekea uji aliuliza kama fundi amemaliza. Mara ya kwanza nilijifanya sijasikia. Ya pili nikamwambia. Hakupiga kelele wala hakumlaani mtoto wake. Alitazama dari, halafu akaniomba kikapu cha mama kirudishwe juu, kwenye fito, hata kama hakina ubao wa kukishika. Tangu siku hiyo uji wake ulikuwa unarudi nusu.

Mwalimu Sylvester alisikia, kama kijiji kizima kilivyosikia. Akaja kumjulia hali, na nadhani alikuja kwa roho safi, maana alileta sukari, na sukari mwaka ule haikuonekana. Alipiga magoti kidogo mlangoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Unanifundishia vizuri huyu?"

"Anajitahidi, mzee, ila ana hasira na herufi."

Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu dari iwe tupu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda maneno na aliwahi kufanya kazi kwa wamisionari, akamuuliza mwalimu Waingereza wanaliitaje lile sanduku la kumzikia mtu. Mwalimu akamwambia ni kofini. Baba akalirudia kinywani mwake mara kadhaa, kofini, kofini, akasema ni neno gumu, lina sauti ya kitu kinachofungwa. Hapo mwalimu akachangamka. Alikuwa na kamusi kubwa aliyotoka nayo chuoni, na nadhani alikuwa ameisoma makusudi kabla ya kuja, apate la kumfariji mgonjwa.

"Kumbe asili yake si sanduku, mzee," akasema. "Nimesoma. Wazungu walilichukua kwa Wagiriki wa kale, na kwa Wagiriki lilikuwa ni kikapu tu. Kikapu cha kubebea vitu. Karne na karne likawa linahama, kutoka kwenye kikapu likawa kasha, kasha likawa la maiti. Kwa hiyo hata wao walianzia kwenye kikapu, kama hiki cha hapo juu. Mbao si lazima sana."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nilitamani mwalimu anywe chai haraka aondoke.

Baba alifikiri. Alimheshimu mtu aliyesoma, hakutaka kumjibu ovyo. "Nakushukuru," akasema mwishowe. "Sikulijua hilo. Lakini kikapu hufunguliwa, mwalimu. Ndiyo kazi yake."

Mwalimu akanywa chai, akaaga. Baba akaniita nikae kitandani, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema, "Rogathe, wasije wakanibebesha mtoto." Sikuelewa kwanza. Nikadhani joto limepanda. Halafu nikaelewa anasema habari za chungu. Kifungua mimba wa Zebedayo alikuwa na umri wa baba siku ile ya pangoni. Nikamwambia hawatambebesha. Nilisema bila kujua nitafanyaje.

Alifariki alfajiri moja ya jua kali, kabla kibali chochote hakijatoka. Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Majirani wakaja, mwinjilisti akaja, kengele ya kanisa ikagongwa, na Zebedayo akatumwa kwa katibu kuulizia mbao. Akarudi mikono mitupu. Katibu amempa pole nyingi na kumwambia mgao ujao ni baada ya mavuno. Maiti kwetu haisubiri mavuno.

Baba mdogo Aminieli alifika akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Alikaa karibu na kichwa cha kaka yake, akakifunika vizuri na shuka, mkono ukakaa pale juu. Halafu akasema kwa sauti yake ile isiyosikika, "Basi tumfunge kwenye mkeka. Alivyozikwa baba yetu. Hakuna aibu." Akamtazama kijana wa Zebedayo aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwuliza kwa upole siku hizi yuko darasa la ngapi.

Zebedayo alikuwa amesikia. Niliona uso wake unavyobadilika, maana hadithi ya chungu tuliisikia wote kitanda kimoja. Alitoka nje bila kuaga. Nilidhani amekwenda kulia nyuma ya zizi, na nikamwona mwanamume hovyo.

Alirudi jua likiwa utosini, na alikuwa amebeba dawati kichwani. Hakupita njia ya migombani ambayo ingemficha. Alipita barabara kuu, mbele ya ofisi ya kijiji, mbele ya katibu aliyekuwa amesimama na kalamu sikioni akimwita kwa cheo chake. Hakugeuka. Alilishusha uani kwetu, akaligeuza chini juu, tukauona weusi wa jiko la mama na ule msumari. Kila mtu alijua anachokitazama. Balozi wa mfano ameiba mali ya kijiji mchana kweupe.

"Mengine sikuyatambua," akaniambia akihema. "Fundi kayaranda pande zote. Ni hili tu."

Akalivunja kwa nyundo, ubao kwa ubao, akizipanga chini kando kando. Hapo ndipo tulipoona. Mbao za baba yangu, zile zilizokuwa zikitoka ukuta hadi ukuta, zilikuwa zimekatwa kimo cha mtoto. Zebedayo alizipanga, akazipangua, akazipanga kwa marefu, kwa mapana. Hazikumtosha mtu mzima hata kwa kumkunja. Akapiga magoti katikati ya vile vipande akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyemkataza.

Mimi nilikuwa na hasira naye, nisidanganye. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikamtazama baba mdogo Aminieli, nikaona ametulia, anangoja mkeka wake. Nikavitazama vile vipande. Baba hakuogopa kufa, wala hakuogopa udongo. Alichokiogopa ni kitu kimoja tu.

"Acha kulia," nikamwambia Zebedayo. "Tengeneza la kichwa."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa mikono: sanduku fupi, upande mmoja wazi, kichwa na mabega viingie, na mbao zipigiliwe kumzunguka hapo kifuani, asikatwe wala asikunjwe. Mwili uliobaki nitaushughulikia mimi. Nikawaita wanawake wenzangu, tukapasua mianzi, tukaleta matete, tukasuka tenga refu kuliko yote tuliyowahi kusuka kwa ajili ya soko. Vidole vyangu si vigumu kwenye kusuka. Mwalimu Sylvester alikuja kusimama pale, ametoa kofia. Niliona anataka kusema kitu, nikamwangalia, akaacha, akachukua kisu akaanza kutupasulia mianzi.

Mwinjilisti alisita kidogo. Alizunguka lile tenga akalitazama, akatazama lile sanduku lililokuwa linatoka mdomoni mwa tenga, nusu jeneza, nusu kikapu. Akauliza tunaliitaje. Nikamwambia namna ya kuliita ni shida yake, mimi nataka alisomee.

Kisha Zebedayo akaanza kupigilia. Kila msumari uliingia kwa shida, maana moshi wa miaka yote ulikuwa umezifanya mbao kuwa chuma. Alipoufikia ule wa mama, uliokunjwa, aliunyoosha kwa nyundo akaupigilia nao, hapohapo juu ya paji la uso. Baba mdogo Aminieli alisimama. Nilidhani atakataza, nikajiweka tayari. Alisema tu, "Sasa mimi nitaongea na nani?" Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu. Akavaa kofia, akaondoka kabla hatujamshusha kaka yake kaburini.

Neno hilo limenikaa mpaka leo. Nilikuwa nimemwona mwizi wa vichwa siku zote hizo. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mzee anayeachwa peke yake na wafu ambao wengine tumewakimbia.

Zebedayo alivuliwa ubalozi mkutano uliofuata, na akaamriwa kulipa dawati kwa kuwachongea wapasua mbao wa kijiji mipini ya misumeno. Hakulalamika. Mimi nilirudi darasani. Mahali pa dawati langu palikuwa wazi, na mwalimu akanisogezea kiti chake. Nikakikataa, nikakaa chini kwenye sakafu, nikaandika kwenye goti.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nafagia uani, msalaba haujasimamishwa bado, kaburi ni tuta la udongo mbichi tu katikati ya migomba. Baba mdogo Aminieli akaja na kibuyu chake. Alisimama kando ya tuta, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, kama mtu aliyesahau mlango. Hakuwepo tulipozika. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kichwa kiko upande gani?"

Nilishika fagio. Nilijua anataka kukaa tu na kaka yake, azungumze habari za nyuki. Nilijua pia kwamba nusu ya jeneza lile ni kikapu, kwamba mkono uliozoea kubeba vyungu vya pangoni unaweza kubeba kingine, na kwamba mimi niliahidi. Huruma iliniingia.

Nikamwonyesha upande wa miguu.

Akashukuru. Akakaa pale chini, akamwaga dengelua kidogo kwenye udongo, akainama na kuanza kuongea kwa sauti yake ile ndogo. Nikaendelea kufagia.